Picha zangu za jiji usiku hazitoki kali hata nikitumia tripodi. Nakosea wapi?

Mwanga Hafifu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Napiga picha za jiji usiku, sasa ni kama mwezi wa saba. Mchana sina tatizo, picha zinatoka safi. Usiku ndipo ninapoumbuka. Kwenye skrini ya kamera picha inaonekana moto kabisa, nafurahi, nafunga mizigo narudi nyumbani. Nikiifungua kwenye kompyuta na kuivuta hadi asilimia 100, nakuta madirisha ya maghorofa yameyeyuka, maandishi ya mabango hayasomeki na taa zimeota manyoya.

Niliyoambatisha ni ya juzi. Nipo upande mmoja wa mto, jiji lipo ng'ambo, daraja linaingia kutoka kushoto. Kamera ni ya sensa kamili, megapikseli 24. Lenzi ni ya kuvuta, milimita 24-70, hapo niliiweka 24. f/22 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sekunde 30, ISO 100 (wepesi wa sensa kunasa mwanga), juu ya tripodi, fokasi ya otomatiki. Ilikuwa saa nne kasoro usiku.

f/22 niliichagua kwa sababu nimesikia tundu la lenzi likiwa dogo kila kitu kinakuwa kikali, cha karibu na cha mbali. Halafu napenda taa zitoe miale kama nyota.

Hilo la ukali ni la kwanza. La pili gumu kulieleza. Hata nikiitazama picha ikiwa ndogo, ambapo ukali hauonekani, naona imekaa tu. Taa nyingi, macho hayana pa kutua. Siku ile pale mtoni palikuwa pazuri mpaka nikakaa saa nzima, lakini picha haina hata robo ya nilichokiona.

Kuna mtu kaniambia ninunue lenzi ya maana. Kabla sijavunja kibubu nimeona nije kwenu. Nataka picha kali, kwa maana zote mbili. Msinionee huruma.

---

Kiti cha Nyuma

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ugonjwa wako na wangu ni mmoja.

---

Mzee wa Vioo

Mkuu, lenzi za kuvuta zina mipaka yake. Chukua lenzi isiyovuta, 35 au 50, utaona tofauti siku hiyohiyo. Mimi nilihangaika miaka miwili, nikabadilisha lenzi, mambo yakaisha.

---

Bundi

Mleta uzi, funga pochi kwanza. Hujajua unaumwa nini, tayari unaulizia dawa.

Picha ya usiku ina kitu ambacho ya mchana haina: imejaa vipimo. Kila taa ndogo ya mbali ilipaswa kutoka kama nukta. Ikitoka na umbo jingine, umbo hilo ndilo linalosema kilichotokea. Fungua faili, ivute hadi asilimia 200, tafuta taa ndogo iliyo mbali, karibu na katikati ya picha. Usichukue bango wala taa kubwa ya barabarani, hizo zimeungua na zitakudanganya.

Ikiwa imevimba duara kama sarafu, na wenzake wa umbali huo wamevimba vilevile, fokasi ilikosa. Ikiwa ni kamstari kafupi, kamera ilitikisika, na kamstari kanakuonyesha ilielekea wapi. Ikiwa ni nukta mbili pacha, kamera ilihama katikati ya picha ikatulia mahali papya. Mara nyingi mtu kagusa mguu wa tripodi, au skurubu ya sahani haikukazwa. Ikiwa za katikati ni safi na za pembeni zina mbawa kama kipepeo, hapo ndipo unaweza kuilaumu lenzi, ila hilo hutokea tundu likiwa wazi sana, na wewe ulikuwa f/22. Na kama taa zote zipo mahali pake lakini kila kitu kimelainika kwa pamoja, kama umepangusa picha na kitambaa chenye mafuta, tundu lilikuwa dogo kupita kiasi.

Angalia na kona zote nne. Mtikisiko wa kamera hupiga picha nzima kwa mtindo mmoja, haumchagui mtu.

Tazama kisha urudi. Mzee wa Vioo samahani, sijakataa kwamba lenzi zinatofautiana, nimekataa kuanzia huko.

---

Mwanga Hafifu

Bundi, nimetazama. Taa ndogo zina umbo la alama ya mkato! Kichwa, halafu kamkia kanakoshuka kuelekea kulia. Nimezikagua kama thelathini, zote mkia uko upande uleule. Kona zote nne hivyohivyo. Madirisha yenyewe hayana mkia ila yamelainika, kama hilo la kitambaa.

Kwa hiyo nina magonjwa mawili?

---

Bundi

Mawili, ndiyo. Na ni bora hivyo kuliko moja lisilojulikana.

Kichwa cha mkato ni muda mrefu ambao kamera ilitulia. Mkia ni muda mfupi ilipokuwa njiani. Taa ina nguvu ya kutosha kuchora mkia hata kwa nusu sekunde, dirisha halina nguvu hiyo, ndiyo maana huoni mkia kwenye madirisha. Kitu kilisogea kidogo mwanzoni au mwishoni. Sasa jibu kwa ukweli: tripodi ilisimama juu ya nini? Nguzo ya katikati uliipandisha? Shata, lile pazia la kamera linalopitisha mwanga, uliifungua kwa kidole? Kamba ya kamera ilikuwa wapi? Na wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini hizo sekunde 30?

---

Mwanga Hafifu

Hahaha, haya. Nilikuwa kwenye gati la mbao. Nguzo ya katikati niliipandisha yote ili nipite juu ya ukuta wa chuma. Kidole, ndiyo. Kamba ilikuwa inaning'inia. Na sekunde 30 ni ndefu mkuu, nilikuwa nazungukazunguka.

Kizuia mtikisiko cha lenzi pia kilikuwa kimewashwa. Nilidhani ndiyo kazi yake.

---

Bundi

Umekiri yote, hukumu itapungua.

Gati la mbao ni ngoma. Ukitembea juu yake unaipiga, na tripodi iko juu ya ngozi. Madaraja nayo ni hivyo, lori likipita unasikia miguuni kabla hujalisikia masikioni. Nguzo ya katikati ikipandishwa, umeshatoka kwenye miguu mitatu, kamera inakaa juu ya mguu mmoja mrefu. Fungua miguu yenyewe, anza na ile minene ya juu, nguzo iache chini. Ukuta ukikuzidi urefu, tafuta mahali pengine. Kamba itoe au ifunge, upepo unaitumia kama tanga.

Kidole: weka taima. Ya sekunde 2 inatosha kwenye tripodi nzito, kwenye nyepesi weka 10. Kama kamera yako ni ya kioo, kile kioo kinachoruka nacho kinatikisa, hasa shata ikiwa kati ya kama 1/15 na sekunde 1. Piga kwa kutumia skrini ili kioo kiwe kimeshanyanyuka. Kizuia mtikisiko zima. Kimetengenezwa kutafuta mtikisiko wa mkono, na kisipoupata kipo kinachoutengeneza chenyewe. Mifumo mipya mingine inatambua kuwa ipo kwenye tripodi, ila kuzima hakugharimu kitu.

Jaribio moja ukifika pale: onyesha picha kwenye skrini, ivute mara 10 juu ya taa ya mbali, halafu gonga sakafu kwa kisigino. Utaiona taa inacheza. Hesabu inachukua sekunde ngapi kutulia. Ukishaona hivyo kwa macho yako hutazungukazunguka tena.

---

Dada Shata

Acha nichukue ugonjwa wa pili, huu wa f/22, kwa sababu unawaua wengi na unakuja ukiwa umevaa nguo za ushauri mzuri.

Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Nukta haibaki nukta, inakuwa kiduara. Upana wake ni 2.44 mara urefu wa wimbi la mwanga mara namba ya f. Chukua mwanga wa kijani, maikromita 0.55. Kwa f/22 unapata kiduara cha karibu maikromita 30. Pikseli moja ya kamera yako ina upana wa kama maikromita 6. Maana yake kila nukta ya jiji imepakwa juu ya pikseli karibu tano kwa upana. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa hapo, ni fizikia, haiangalii nembo. Kwa f/8 kiduara kinashuka hadi kama maikromita 11, chini ya pikseli mbili. Ndiyo maana lenzi nyingi hutoa kazi yao nzuri kati ya f/5.6 na f/8.

Na kuna zawadi ndani yake. Kutoka f/22 hadi f/8 ni hatua tatu, na kila hatua huongeza mwanga mara mbili. Sekunde zako 30 zinakuwa kama 4. Sekunde 4 unaweza kusimama bila kuzungukazunguka, natumaini.

Lile la kila kitu kuwa kikali karibu na mbali ni kweli, ila wewe hukulihitaji. Lenzi ya 24 kwa f/8 ukiifokasi mita 2.4, kwa kipimo cha kawaida kinachotumika, kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kinakubalika. Na "kinakubalika" si "kikali". Kama hakuna kitu cha karibu kwenye picha, fokasi jiji lenyewe uachane na hesabu.

Miale ya nyota: f/11 hadi f/16 inaitoa vizuri. Idadi ya miale inategemea vipande vya chuma vinavyofunga tundu. Vikiwa shufwa, miale ni sawa na vipande: 8 vinatoa 8. Vikiwa witiri inazidi mara mbili: 7 vinatoa 14, 9 vinatoa 18. Ukiitaka sana piga picha ya pili kwa f/16, kisha chagua mezani.

---

Kiti cha Nyuma

Dada Shata, kwa nini tusiende f/2.8 kabisa tukapata sekunde chini ya 1?

---

Dada Shata

Unaweza, ila kona za picha zitalipa. Zile mbawa za kipepeo alizosema Bundi ndipo zinapotokea. Nikiwa kwenye boti au mahali panapotikisika nakwenda f/2.8 na kupandisha ISO bila aibu. Picha yenye chembechembe inasomeka, iliyotikisika haisomeki. Lakini kama una tripodi na ardhi ngumu, huna sababu.

Na fokasi jamani. Otomatiki usiku huhangaika, hushika taa iliyo karibu au hushika hewa. Alama ya upeo kwenye lenzi nayo usiiamini, lenzi nyingi za otomatiki huzunguka kupita upeo kwa makusudi. Vuta skrini mara 10, tafuta maandishi ya bango lililo mbali au ukingo wa dirisha lenye taa, zungusha taratibu mpaka ukingo ukate, pitisha kidogo, rudi. Kisha hamishia fokasi kwenye mkono, usiiguse tena. Ukibadilisha kuvuta, mfano kutoka 24 kwenda 70, anza upya, lenzi nyingi za kuvuta hazishiki fokasi zikihama.

---

Simu Tu

Sisi wa simu tunaruhusiwa? Zangu kila taa ina mstari mrefu wa mwanga unaokatiza picha nzima, kwa upande mmoja.

---

Dada Shata

Unaruhusiwa. Huo mstari ni mafuta ya kidole chako. Ulifuta lenzi kwa kidole gumba, mafuta yakajipanga mistari, na mwanga unatawanyika kwa kuikatiza mistari hiyo. Pumulia kioo, futa kwa kitambaa safi. Halafu egemeza simu kwenye nguzo au ukuta, weka taima ya sekunde 3, usiguse. Modi ya usiku hupiga picha nyingi na kuziunganisha, na kadiri simu inavyotulia ndivyo inavyopata muda mrefu zaidi.

---

Jicho Moja

Mimi nimekuja kwa swali la pili. Ukali mmeshaumaliza, na mniwie radhi, picha hii hata ingekuwa kali kama wembe ingebaki kama ilivyo.

Nimeipunguza ikawa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikaigeuza juu chini. Ndivyo ninavyofanya hata kwa zangu, kwa sababu ikigeuzwa unaacha kuona "jiji" unaona madoa ya mwanga na giza. Doa kubwa na jeupe kuliko yote liko kona ya kushoto, chini. Nikaigeuza tena kutazama ni nini. Taa ya barabarani. Siyo jiji, siyo daraja, taa ya barabarani iliyokatwa nusu na ukingo wa picha. Jicho la mtu huenda penye mwanga mkali kwanza, na wewe umempeleka mgeni wako jalalani kabla hujamkaribisha sebuleni.

La pili, anga. Limechukua zaidi ya nusu ya picha, na saa nne usiku ni jeusi tupu. Ulikuwa na 24 milimita, ukataka kuingiza kila kitu, ukaingiza giza. Mwanzoni wote tunadhani jiji kubwa linahitaji lenzi pana. Lenzi pana inalifanya jiji kuwa uzi mwembamba katikati ya weusi mbili, wa juu na wa chini. Weka 70, hiyohiyo uliyonayo.

La tatu, daraja limekwenda kugonga kitako cha ghorofa refu kuliko yote. Mchana ungeona kwamba moja liko mbele na jingine nyuma sana, kwa sababu yana rangi tofauti na kuna hewa kati yake. Usiku hewa hiyo haipo, taa ya daraja na taa ya ghorofa zinalingana, vitu viwili vinakuwa kitu kimoja kisicho na jina. Inabidi uache kipande cha giza kati yake, hata chembamba. Hiyo haifanywi na lenzi, inafanywa na miguu. Nahisi hatua ishirini kwenda kulia zingetosha.

Na la nne dogo: kivuli cha ghorofa majini umekikata kabla hakijaisha. Ama kiingize chote ama kiache kabisa.

Mchana tunapanga vitu, usiku tunapanga giza. Taa zitajipanga zenyewe ukishajua giza unaliweka wapi.

---

Mwanga Hafifu

Jicho Moja, hii ya jalala imeniuma kwa sababu ni kweli. Sasa naona ile taa tu, siwezi kuacha kuiona.

Anga nyeusi naifanyeje? Usiku ni usiku.

---

Jicho Moja

Usiende usiku. Nenda jioni ukiwa umechelewa kidogo.

Kuna muda baada ya jua kuzama ambapo anga lina bluu nzito na taa za jiji zimeshawaka, na mwanga wa pande hizo mbili unakaribiana. Jua linakuwa kama nyuzi 4 hadi 6 chini ya upeo. Kingo za maghorofa zinaonekana dhidi ya anga, kwa hiyo hata ukali unaongezeka machoni, maana ghorofa linapata umbo badala ya kuwa madirisha yanayoelea. Karibu na ikweta jua hushuka wima, nyuzi 15 kwa saa, dirisha hilo ni kama dakika 8 hadi 10 tu. Ukiwa mbali na ikweta, jua huteremka kwa mshazari na unapata muda zaidi, hasa kiangazi.

Kwa hiyo ufike saa nzima kabla. Panga picha kukiwa bado na mwanga, nyoosha kamera, tafuta hatua zako ishirini, weka fokasi. Bluu ikifika usiwe unafungua miguu ya tripodi.

Na angalia siku. Madirisha ya ofisi ndiyo taa zako, na watu wakienda nyumbani wanazizima. Mpiga picha Berenice Abbott, alipopiga New York kutoka ndani ya jengo la Empire State miaka ya 1930, alichagua siku fupi kabisa za Desemba ili giza liingie kabla ya saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wakiwa bado ofisini. Shata yake ilikaa wazi dakika 15. Alikuwa na nafasi ya picha moja tu kabla taa hazijaanza kuzimwa. Sisi tuna sekunde 4 na bado tunalalamika.

---

Mpenda Weusi

Nitapinga kidogo. Hii "saa ya bluu" imegeuka sheria, picha zote za majiji sasa zina bluu ileile na chungwa ileile. Anga jeusi si kosa. Kosa ni kulipatia nafasi lisiyoifanyia kazi. Nikipiga uchochoro wenye taa moja na ukuta uliolowa, nataka weusi, ndio unaobana ile taa. Anga linakuwa kipande chembamba juu au halipo kabisa.

---

Jicho Moja

Mpenda Weusi, hatupingani. Uchochoro wako una kuta za kushika mwanga. Ng'ambo ya mto hakuna ukuta, kuna anga. Ila nakupa haki kwenye ile bluu na chungwa, mimi mwenyewe nimezichoka. Nyingi ni za kompyuta.

---

Dada Shata

Nyongeza fupi, kwa sababu mtu ataenda na kurudi analia. Usiku usipime mwanga kwa skrini, skrini gizani hung'aa kuliko picha. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Mabango na taa kubwa zikiungua zinamwagikia majirani, na mtu anadhani picha si kali kumbe imezidi mwanga. Piga tatu: ya kawaida, ya hatua mbili chini, ya hatua mbili juu. Ile ya chini ndiyo itakayokurudishia maandishi ya bango.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili rangi uamue nyumbani. Taa za sodiamu zina chungwa, za LED ni nyeupe, hakuna namba itakayozipendeza zote; mimi huanzia kama Kelvini 3500. Na zima ile huduma ya kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Baada ya sekunde 30 kamera hukaa sekunde 30 nyingine ikitafakari, na wewe una dakika 8 za bluu.

---

Mzee wa Vioo

Niongeze na mimi maana nimesemwa. Nina lenzi ya milimita 200, napiga jiji kutoka kilimani, na picha zinatoka kama zimepigwa chini ya maji. Tripodi ni nzito, nguzo iko chini, kila kitu. Hiyo nayo ni fizikia?

---

Bundi

Mzee wangu, hiyo ni hewa. Mapaa na lami vimekunywa jua mchana kutwa, jioni vinatoa joto, hewa inachemka kati yako na jiji. Kadiri lenzi inavyovuta ndivyo unavyoiona. Nenda baada ya mvua, au alfajiri kabla jua halijatoka. Bluu ya alfajiri ni ileile, na hewa imetulia. Taa za ofisi tu ndizo utakazokosa.

---

Mwanga Hafifu

Wakuu nimerudi. Zimepita siku sita.

Nilifika saa moja na nusu kabla. Kwanza nilienda lile gati la mbao makusudi, nikafanya jaribio la Bundi. Nikavuta skrini mara 10 kwenye taa nyekundu juu ya mnara, nikagonga kisigino. Taa iliruka, ikachora kama herufi, ikatulia baada ya karibu sekunde 3. Kisha kuna mtu akapita anakimbia mazoezi, upande wa pili kabisa wa gati. Taa ikacheza muda wote hadi alipoondoka. Nilikaa pale nikikumbuka picha za miezi saba.

Nikahamia ukingo wa zege. Daraja na ghorofa viliachana sio kwa hatua ishirini, kwa hatua arobaini na tatu, nilizihesabu. Milimita 70, f/8, ISO 100, sekunde 4 kwa iliyotoka vizuri. Taima. Mikono mfukoni.

Nimeiambatisha, pamoja na kipande cha asilimia 100. Tazameni ghorofa la katikati, safu ya tano kutoka juu. Kuna dirisha lina kiti cha kuzunguka na koti limetundikwa juu yake. Koti! Lenzi ni ileile uliyotaka niibadilishe, Mzee wa Vioo.

Lawama yangu ni moja. Ninayoipenda zaidi si hiyo. Ni iliyofuata, boti lilikuwa linapita, limetoka kama moshi. Jiji kali, boti limefutika.

---

Bundi

Nukta ni nukta. Umepona.

---

Jicho Moja

Na mimi nachagua ya boti. Kilichotikisika ni boti, si wewe, na mtazamaji anaona hivyo kwa sababu nyuma yake kila kitu kimesimama. Hiyo haihitaji dawa. Ukilitaka siku moja likae wazi, pandisha ISO hadi 800 na sekunde 4 zinakuwa nusu sekunde, ila mimi nisingeligusa.

Sehemu ya chini ikate kidogo, kuna kamba ya mtu inaingia. Na ghorofa la kulia linaegemea ndani kwa sababu kamera ulikuwa umeiinua kidogo. Nyoosha kamera, panga tena, kisha kata anga nyumbani.

---

Dada Shata

Hongera sana. Hebu swali: kile kidoti cha kijani angani, juu kulia, ni nini?

---

Mwanga Hafifu

Nilidhani ni ndege. Kipo kwenye zote thelathini na moja.

---

Bundi

Ndege ya kusimama. Chora mstari kutoka kwenye kidoti upitishe katikati kabisa ya picha, uendelee umbali uleule. Unafika wapi?

---

Mwanga Hafifu

Kwenye lile bango kubwa la kijani la chini kushoto.

---

Bundi

Mwanga wa bango umegonga sensa, ukarudi, ukakuta kioo bapa mbele ya lenzi, ukarudi tena. Una filta ya kulinda lenzi?

---

Mwanga Hafifu

Ipo tangu siku nilipoinunua. Imekaza, naitafutia kitambaa cha mpira niifungue.